Mtoto wa machimbo naye ana neno lake

Kasongo, Samba, Kipaka, Lusangi, Kabambare, Salamabila: popote palipo shule, kuna yaya mmoja ambaye watoto wanamkimbilia sikukuu ikikaribia. Yeye njo anapanga mchezo. Yeye anajua nani atakuwa mzee wa mji, nani atakuwa mlevi, nani atavaa kofia ya polisi. Hana diploma ya teatre na halipwi kitu. Mara nyingi ni mwalimu kijana, ao mwanafunzi aliyerudi nyumbani, ao mwimbishaji wa kwaya, ao mchimbaji ambaye shimo lake limejaa maji na anangoja kiangazi.

Habari yetu ya leo ni juu ya huyo yaya. Watu wanamwona sawa mtu wa kuchekesha tu. Wazazi wanakuja, wanapiga makofi, wanarudi nyumbani, na mwaka unaofuata mambo yanaanza tena palepale. Lakini kazi yake inaweza kukua na kuwa msaada mkubwa kwa familia za wachimbaji. Kuna watu, mbali na karibu, waliokwisha kutembea njia hiyo.

Teatre na shimo vinakutana wapi?

Tuanze na jambo ambalo kila mzazi wa huku anajua. Tangu Septemba 2019, serikali ilianza kutekeleza masomo ya msingi bila malipo, kama katiba ya 2006 inavyoagiza katika kifungu cha 43. Lakini mtoto akimaliza shule ya msingi, minervali inarudi. Pale njo watoto wengi wanapotea. Mmoja anaanza kubeba mifuko ya mchanga siku ya Jumamosi. Kisha anabeba siku ya Ijumaa pia. Kisha mwalimu anaita jina lake asubuhi, hakuna anayejibu. Msichana anasaidia mama kutwanga mawe, ao anauza maji na mandazi kwa wachimbaji, na siku moja watu wanasema ameolewa.

Sheria iko wazi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kazi mbaya kwa watoto. Na katika sheria ya madini, tangu ile ya 2002 mpaka marekebisho ya 2018, karata ya mchimbaji mdogo inatolewa kwa mtu mzima tu. Lakini karatasi ya sheria haishuki ndani ya shimo. Na baba mwenye watoto sita si mtu mbaya. Pale Namoya, kampuni ya Banro ilianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, na mwaka 2019 kazi ikasimama. Mshahara ukikatika, ao shimo likikaa miezi mitatu bila kutoa kitu, minervali njo ya kwanza kungoja.

Katika mazungumzo hayo yote, mtu mmoja haulizwi: mtoto mwenyewe. Huku kwetu tunasema, “mutoto hasemi mbele ya bakubwa.” Ni adabu, na adabu ni nzuri. Lakini kuna mambo ambayo mtoto akiyanyamazia yanamwumiza. Teatre inamfungulia mlango bila kuvunja adabu. Akisimama katika mchezo, hasemi na baba yake. Anasema na “baba” wa mchezo, ambaye ni mwenzake wa darasa aliyejichora ndevu kwa makaa. Baba wa kweli amekaa kwenye benchi, anasikia, na hakuna aliyemwonyesha kidole.

Hatusemi teatre italipa minervali. Haitalipa. Inachofanya ni kuweka neno katikati ya watu wote, ili likisha kusikiwa lisiweze kufichwa tena.

Wamama wawili wa ng'ambo ya ziwa

Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna wamama wawili ambao kila kiongozi kijana wa teatre ya watoto anayesema Kiswahili angepaswa kujua majina yao: Penina Muhando, anayejulikana pia kama Penina Mlama, na Amandina Lihamba. Wote wawili ni waandishi wa michezo na walimu. Muhando alitoa mchezo wake Hatia mwaka 1972, juu ya msichana aliyebeba mimba na aibu iliyomfuata. Lihamba alitoa Hawala ya Fedha mwaka 1980.

Wangeweza kubaki mjini na kuandika vitabu. Lakini walitoka kwenda vijijini. Miaka ya 1982 na 1983, timu ya chuo ilifanya kazi na watu wa Malya, katika jimbo la Mwanza. Hawakufika na mchezo tayari ndani ya mfuko. Waliuliza kwanza: hapa kwenu, jambo gani linawasumbua? Watu walisema, wakachambua, kisha wakatumia ngoma zao wenyewe na maigizo yao kuonyesha lile jambo mbele ya kijiji chote. Kati ya yaliyotoka ni mimba za wasichana wadogo. Lilikuwa jambo la kila nyumba, lakini hakuna aliyelisema kwa sauti.

Baadaye wakafanya kazi ya teatre pamoja na watoto wa shule za msingi. Na mwaka 1996 wakaanzisha mpango ambao jina lake linatosha kuueleza: Tuseme. Ulianza katika shule za sekondari, pamoja na wasichana. Kisha FAWE, shirika la wanawake waelimishaji wa Afrika lililoanzishwa mwaka 1992 na lenye makao Nairobi, likauchukua na kuupeleka katika nchi nyingine za Afrika. Mama Mlama mwenyewe aliongoza shirika hilo kwa miaka kadhaa.

Namna Tuseme inavyofanya kazi, kijana yeyote wa Kasongo anaweza kuielewa leo hii. Kwanza wanafunzi wenyewe wanataja shida zinazowazuia kusoma: kazi nyingi za nyumbani, mwalimu anayetaka msichana, kukosa choo kizuri, kukosa malipo ya shule, njia ndefu. Pili wanatafuta sababu: kwa nini iko hivyo, nani anafaidika, nani anaweza kubadilisha? Tatu wanatunga mchezo, na ngoma na nyimbo ndani yake. Nne wanaucheza mbele ya walimu, wazazi na wakubwa wa mahali. Tano, na hii njo sehemu ambayo wengi wanaisahau, mchezo ukiisha watu hawaondoki. Wanakaa na kuzungumza: sasa tufanye nini? Wanafunzi wanabaki na kikundi chao, ambacho kazi yake ni kufuatilia yale yaliyoahidiwa.

Msichana aliyepita katika njia hiyo anajifunza kusimama, kusema, kusikiliza wenzake na kudai jibu bila matusi. Yule aliyeongoza wenzake mwaka huu anaweza kuwaonyesha wadogo mwaka ujao. Hivyo kiongozi mpya anatoka ndani ya kikundi chenyewe, hangojwi kutoka mji mwingine.

Mchezo bila karatasi

Mtu atasema: “Wale ni maprofesa. Sisi huku hata karatasi za kuandikia mchezo hatuna.” Jibu la neno hilo linatoka Lubumbashi, mji wa wachimbaji wa shaba.

Kule kulikuwa na kikundi cha Mufwankolo, kilichopendwa sana na watu wa mitaa, kwenye radio na kwenye televisheni, kwa Kiswahili cha Katanga, kile watu wanachosema sokoni. Mwaka 1986, mwalimu mmoja wa chuo, Johannes Fabian, alikaa nao wakati wakitengeneza mchezo. Alifuata kazi yote, tangu mazungumzo ya kwanza mpaka siku ya kuucheza katika kijiji cha Kawama, kisha akatoa kitabu mwaka 1990.

Mchezo ule ulizaliwa na neno moja la wahenga, linalosema kwa Kifaransa “le pouvoir se mange entier”: madaraka yanaliwa mazima. Wachezaji walikaa na kubishana: maana yake ni nini? Nani amelisikia likitumika wapi? Kutoka katika mabishano wakapata hadithi. Hadithi wakaikata vipande. Kila mmoja akajua anaingia wapi, anataka nini, na anatoka wapi. Maneno yenyewe waliyatafuta wakicheza, na kila mazoezi yaliyatengeneza zaidi. Hakuna aliyekariri karatasi.

Kwa watoto, namna hii ni nzuri kuliko kukariri. Mtoto anayekariri Kifaransa asichokielewa anatazama miguu yake na kungoja imalizike. Mtoto anayesema kwa maneno ya nyumbani anamtazama mwenzake usoni. Yaya anayeongoza hahitaji kuandika kitu. Anahitaji neno moja lenye uzito, ambalo watoto watalibishania. Huku Maniema wazee hawajakosa maneno ya namna hiyo.

Pale yaya anapoweza kuharibu

Watu wa mashariki ya Kongo wameona teatre nyingi tangu vita. Shirika la Search for Common Ground, kwa mfano, lilifundisha vikundi vingi teatre ya kushirikisha, ile ambayo mchezo unasimama katikati na watazamaji wanaitwa kupanda na kuonyesha wao wangefanya nini. Mizizi ya kazi hiyo inafika Brazili, kwa Augusto Boal, aliyeamini kwamba mtazamaji asibaki ameketi tu akitazama wengine wakitatua shida yake.

Njia ni nzuri, lakini ina mitego, na kwa watoto mitego hiyo inauma zaidi.

Mtego wa kwanza ni kumwekea mtoto maneno ya mkubwa mdomoni. Shirika linaleta franka kidogo na ujumbe ulioandikwa tayari: “Wazazi, msitume watoto machimboni!” Watoto wanasema kwa sauti moja, mgeni anapiga picha, wazazi wanapiga makofi. Kesho yake mifuko inabebwa tena. Hakuna aliyemwuliza yule mtoto kwa nini anakwenda. Labda anakwenda kwa sababu ana haya ya kukaa darasani bila viatu. Labda anakwenda kwa sababu kule wanampa chakula saa sita. Mchezo usioingia ndani ya sababu hizo ni hotuba tu, hata ukiwa na ngoma.

Mtego wa pili ni siri. Mtoto akifunguka katika mazoezi, anaweza kutaja jambo zito: amepigwa, ameguswa vibaya, baba amekunywa franka ya masomo. Kijana asiye na uangalifu ataona “hapa tumepata hadithi kali” na kuipandisha mbele ya mji wote. Siku ile ile mtoto atalipa nyumbani. Kanuni inayolinda ni hii: katika mchezo hakuna jina la kweli, hakuna kazi ya kweli ya mzazi fulani, na hakuna mtoto anayecheza shida yake mwenyewe. Hadithi tatu ao nne zinachanganywa mpaka hakuna anayeweza kusema “huyu ni mimi.” Na jambo likiwa ni la kuumizwa, halipandi jukwaani kabisa. Linapelekwa kwa mtu mzima anayeaminika na mwenye uwezo wa kusaidia: muuguzi, mwalimu mkuu, mtu wa huduma ya jamii. Ni vizuri pia mama mmoja awe karibu kila mara watoto wakifanya mazoezi. Wasichana watasema kwake yale wasiyoweza kusema kwa kijana mwanaume, na wazazi nao watakuwa na amani.

Mtego wa tatu ni wa yaya mwenyewe. Kikundi kinakuwa chake. Yeye anachagua, yeye anasahihisha, yeye anapokea soda ya mgeni. Kisha anapata kazi Kindu ao Bukavu, ao anafuata zahabu mahali pengine. Anaondoka Jumatatu, na Jumamosi kikundi kimekufa.

Kukua ni kuacha mtu nyuma yako

Wengi wanafikiri kukua kwa kiongozi wa teatre ni kwenda kucheza Kinshasa, kupata picha katika gazeti, kupanda ndege. Mambo hayo si mabaya, lakini si yenyewe yanayopima kazi.

Tazama Faustin Linyekula. Alizaliwa mwaka 1974 Ubundu, kwenye mto wetu huu huu, pale wanaposhukia wasafiri wa boti kutoka Kindu kabla ya kushika njia ya Kisangani. Vyuo vikuu vya Zaire vilipofungwa aliondoka, akafika Nairobi, na mwaka 1997 alikuwa kati ya walioanzisha kikundi cha Gàara. Akacheza ngoma na teatre katika majumba makubwa ya Ulaya. Angeweza kubaki huko. Lakini mwaka 2001 alianzisha Studios Kabako mjini Kinshasa, kisha akapeleka kazi hiyo Kisangani, ili vijana wa pale wapate mahali pa kujifunza ngoma, teatre, muziki na filamu. Kazi yake si ya watoto hasa. Tunamtaja kwa sababu alifahamu kwamba msanii asiyefungulia wengine mlango, siku akiondoka hakibaki kitu.

Na katika dunia kubwa, wale wa teatre ya watoto wana chama chao, ASSITEJ, kilichoanzishwa Paris mwaka 1965. Kwa zaidi ya miaka 50 mkutano wake mkuu haukuwahi kufanywa Afrika, mpaka Mei 2017 ulipofika Cape Town. Chama hicho kina mpango maalumu wa kukutanisha viongozi vijana wa nchi mbalimbali ili wajifunze wao kwa wao. Kila tarehe 20 Machi kinakumbusha dunia siku ya teatre ya watoto na vijana. Tarehe hiyo haihitaji mwaliko wa mtu. Shule moja ya Kasongo na moja ya Kabambare zinaweza kuichukua kuwa siku yao, kila mwaka.

Kuanza na kile kilichopo

Kwa yaya anayesoma maneno haya, na kwa mzazi ambaye mtoto wake amemwomba ruhusa, njia inaweza kuwa hivi.

Chagua siku moja tu kwa juma, saa moja na nusu, baada ya masomo, wakati ambao watoto hawataonekana wamekimbia kazi ya nyumbani. Kikundi kisizidi watoto ishirini, wasichana na wavulana, na ndani yake wawemo pia wale waliokwisha kuacha masomo. Hao wa mwisho njo wenye habari, na mara nyingi kikundi ni kamba ya kwanza inayowarudisha karibu na shule. Pita kwa wazazi nyumba kwa nyumba, ueleze mapema. Mwambie mkubwa wa shule, mwambie pia mzee wa mji, ili hakuna atakayesema baadaye kwamba watoto wamefundishwa kutukana wakubwa.

Juma la kwanza mpaka la tatu, michezo ya mwili na sauti, ili haya iondoke. Juma la nne, ulizo: nini kinakuzuia kusoma? Sikiliza, usisahihishe. Juma linalofuata, wachague jambo moja tu. Kisha hadithi, kisha vipande, kisha mazoezi. Mbele ya watu, kata mchezo pale penye fundo: minervali imekwisha, baba ameshika kichwa, mtoto ameshika beleshi. Hapo yaya aulize: “Bazazi, nani anaona njia ingine?” Na mzazi akipanda, asichekwe.

Mzazi mmoja anaweza kusema kwamba watano wanaochimba shimo moja waweke kando sehemu ndogo kila siku shimo linapotoa, kwa ajili ya masomo, kabla ya kugawana. Mwingine anaweza kusema shule ikubali malipo kidogo kidogo, kufuata kazi inavyokwenda. Labda itafanyika, labda haitafanyika. Lakini siku hiyo jambo limetoka katika nyumba moja moja na kuwa la mji. Andika majina ya waliokubali kufuatilia, na baada ya miezi miwili watoto wacheze tena wakionyesha kilichofanyika na kisichofanyika.

Na tangu siku ya kwanza, yaya achague watoto wawili, mmoja msichana na mmoja mvulana, wa kukaa naye upande wake. Wajifunze kuanzisha mazoezi, kunyamazisha kelele bila fimbo, kuuliza ulizo na kungoja jibu. Mwezi wa tatu, siku moja, asije. Abaki nyumbani kwa makusudi. Akisikia kutoka mbali ngoma imelia na watoto wanacheka kwa wakati wao, ajue kwamba kazi imeanza kusimama kwa miguu yake.